Jembe Lisilo na Mpini

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vifaa pale Kasulu mjini kununua jembe. Mwenye duka, ambaye tulisoma naye shule ya msingi, alichomoa moja kwenye rundo, akalifuta grisi kwa kitambaa, akalishika kwa vidole viwili upande wa kutilia mpini na kuliacha lining'inie. Kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole, kama wazee wa kwetu wanavyofanya. Likalia. Ni mlio mwembamba unaokawia masikioni, na ukiusikia unajua chuma hakina ufa. Wateja wengine waliendelea kuulizia misumari. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye mkeka mbele ya shule nzima, nimechuchumaa, nimefunikwa kanga ya mama usoni, nasikiliza jembe jingine.

Tuliishi Murungu, wilaya ya Kibondo, nyumbani kwa babu mzaa baba. Baba yangu alikuwa amefariki katika hospitali ya Kasulu nikiwa darasa la tano, na mama alibaki kwa wakwe zake kwa sababu babu alimwambia abaki. Watu walimwita babu Mzee Ntabaye. Alikuwa mrefu, mgumu kucheka, na utani wake kwangu ulikuwa mmoja tu, ule ambao mababu wengi wa kwetu wanao kwa wajukuu wa kike: aliniita mke wake. Mke wangu, niletee maji ya kunawa. Mke wangu, mbona uji wa leo mzito, unataka kuniacha? Nilipokuwa mdogo nilicheka. Nilipofika darasa la saba nilianza kuona haya, hasa wenzangu wakiwapo, naye alipoligundua hilo akaongeza sauti.

Mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni sekondari. Wasichana wa shule yetu waliowahi kuchaguliwa walikuwa wachache kiasi kwamba kijiji kizima kiliwajua kwa majina. Nilikuwa nimemwona mmoja wao akirudi likizo kutoka Kasulu, amevaa sketi ya bluu na soksi nyeupe za kufika magotini, na katika vumbi lile jekundu la kwetu soksi zilibaki nyeupe. Hizo soksi ndizo nilizozitaka. Elimu yenyewe nilikuwa bado sijaifikiria sana.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati magari meupe ya misaada yalipita barabarani kwetu mchana kutwa kuelekea kambi za wakimbizi, na sisi watoto tulishachoka kuyapungia mikono. Katika pilikapilika hizo ofisi ya elimu ikapata wazo la kuleta wasanii shuleni, kila mmoja akae muhula mzima na wanafunzi na mwishoni kazi yao ionyeshwe kwa wazazi. Shule nyingine ilipata mchoraji. Nyingine ilipata mtu wa ngoma. Sisi tulipata mtu wa maigizo, Mwalimu Shomari, mtu wa Pwani, mnene kidogo, aliyefika mwezi wa sita amevaa kandambili. Baridi ya kwetu ya asubuhi ilimfundisha adabu ndani ya siku chache. Baada ya hapo alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kutuuliza kila siku jua la nchi hii huwa linatoka saa ngapi.

Alitufundisha saa za mchana, baada ya kazi za shamba la shule. Somo la kwanza alituambia tubebe ndoo ya maji kichwani kutoka mwisho wa uwanja hadi mlangoni kwa mwalimu mkuu, na ndoo yenyewe haikuwepo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukajaribu. Ukipepesuka alikusimamisha na kukuuliza maji yamekumwagikia wapi. Nilimwona Wilibrodi akijifuta shingo, shingo kavu kabisa, kwa uso wa mtu aliyelowa kweli. Siku ile nilijua kwamba kudanganya kwa mwili mzima nako kunaweza kuwa kazi ya shule.

Huyo Wilibrodi ndiye mwenye duka niliyemtaja. Ukoo wao ulitoka Burundi miaka ya nyuma sana, wakapewa ardhi, wakalima jirani na sisi hata watu wakaacha kuwaita wageni. Lugha ni karibu ileile na desturi ni zilezile. Baba yake, Mzee Laurenti, alikuwa na shamba kubwa la maharage na sauti ndogo.

Shomari alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku: jukwaani majina tu ndiyo ya uongo, vingine vyote viwe vya kweli. Hakutaka jembe la boksi wala chungu cha karatasi. Ukitakiwa kula ugali, upikwe ugali. Na watoto waliotoka nyumbani na kikombe cha uji tu tumboni, sheria hiyo ilipendwa sana.

Igizo lilihusu baba anayemwozesha binti yake aliye darasa la saba, na ofisa wa serikali anayekuja mwishoni kuamuru posa irudishwe na binti arudi darasani. Mimi nilikuwa binti. Wilibrodi alikuwa mposaji, na wala hakuuficha uchungu wake wa kupewa nafasi hiyo. Shomari akatuuliza posa kwenu inafanyikaje, nasi tukamweleza kwa pupa, kila mtu akimkatiza mwenzake. Upande wa mwanaume wanaleta jembe jipya ambalo halijatiwa mpini, wanaliweka kwenye mkeka. Mzee wa binti analiinua, analigonga, analisikiliza. Likilia vizuri anasema tumepokea, anavuta pombe kwa mrija kutoka kwenye mtungi, na anawapa mrija wenzake. Kuanzia hapo mwanaume mwingine haingii nyumba hiyo na maneno ya namna hiyo, mpaka jembe lirudishwe kama lilivyokuja: kwa mkeka, kwa mtungi, na mbele ya watu walewale. Hata wakati ule posa yenyewe ilikuwa mbuzi na fedha, lakini jembe lilibaki kuwa la kufungulia mazungumzo.

Shomari alifurahi sana. Kilichobaki hatukumwambia, wala hatukujua kwamba kuna kilichobaki: jembe likishapokewa na mzee wa kweli, posa ni posa, mkeka umetandikwa wapi si hoja. Mtoto wa Kiha asingeona haja ya kulisema, na mtu wa Pwani asingejua kuliuliza.

Jembe lilitoka kwa Mzee Laurenti, jipya, lina karatasi ya dukani bado. Pombe mwalimu mkuu aliikataa katakata, akaagiza iwe juisi ya ndizi mbivu. Mama yake Wilibrodi akaikamua mapema ili asichelewe, na ndizi hazijui ratiba ya shule. Hadi siku ya wazazi juisi ilikuwa inachemka yenyewe mtungini.

Kuna mtu mmoja zaidi lazima mumjue. Bwana Gervasi alikuwa mfanyabiashara wa Nyakitonto, mtu mzima, amefiwa na mke, mwenye lori. Alinunua maharage kwetu na kutuuzia chumvi ya Uvinza. Lori lake ndilo lililomrudisha baba yangu nyumbani kutoka Kasulu akiwa kwenye sanduku, katika mvua, njia ikiwa matope matupu, na hakutaka kupewa hata kuku. Tangu hapo kila alipofika Murungu alipita kwetu. Aliacha pakiti ya chumvi, siku nyingine kitenge cha mama, akaketi na babu wakaongea kwa sauti ya chini. Nilipompelekea maji ya kunywa alisema, "Umekua." Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyosalimia watoto.

Siku ya maonyesho yeye ndiye aliyetoa turubai la lori kuwafunika wageni jua, na akapewa kiti mbele pamoja nao. Asubuhi ileile Josefu, aliyepangwa kucheza baba yangu katika igizo, aliamka na homa kali, na ikabidi abaki kitandani. Shomari hakubabaika hata kidogo. Alituambia sanaa ya kwelikweli haimtegemei mtu mmoja, tukaanza.

Kwa hiyo nikawa pale kwenye mkeka, nimefunikwa kanga inayonuka moshi wa jikoni kwetu, sioni kitu isipokuwa nyasi kati ya miguu yangu. Nilimsikia Wilibrodi na wenzake wakija, nikasikia jembe likiwekwa. Kisha Shomari akasema kwa sauti yake ya jukwaani, "Jamani, binti anaposwa na baba yake hayupo. Hakuna mzee wa ukoo hapa?" Watu wakacheka. Halafu nikasikia fimbo ikigonga ardhi, polepole, ikisogea. Ningeitambua fimbo ile mahali popote.

Babu alikohoa. Aliinua jembe. Uwanja ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia turubai likipigwapigwa na upepo, kisha nikasikia kifundo cha kidole chake, na mlio. Aliusikiliza mpaka ukaisha wote. "Tumepokea," alisema, kwa Kiha kwanza halafu kwa Kiswahili, akiwa ameelekea kwa wageni. Akavuta mrija. Wilibrodi aliponyoosha mkono apewe kama tulivyofanya katika mazoezi, babu akamwambia watoto hawanywi. Akaita, "Laurenti, njoo unywe." Mzee Laurenti akatoka kwenye watu, akainama, akanywa.

Vigelegele vilipasua uwanja. Nilichungulia chini ya kanga. Babu alikuwa amelibana jembe kwapani, anapita mbele ya wageni bila haraka, anaelekea njia ya nyumbani. Shomari alisubiri arudi. Sote tulisubiri. Hatimaye mtoto aliyecheza ofisa wa serikali akaingia na kofia yake, akatamka maneno aliyoyakariri, kwamba anaagiza jembe hilo lirudishwe mara moja, akinyoosha kidole kwenye mkeka mtupu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Igizo letu likaishia hapo, bila mwisho wake.

Kesho yake Shomari alikuja nyumbani kufuata jembe. Alimsalimia babu kwa heshima, mwakeye yake, salamu ya Kiha, ikiwa imepinda, akaeleza taratibu kwamba yale yalikuwa maigizo.

"Mwalimu," babu alimuuliza, "si wewe uliyewafundisha hawa watoto kwamba pale mbele majina tu ndiyo ya uongo?"

"Nilisema, mzee."

"Mjukuu wangu mlimpa jina gani?"

Kwa sababu ya uvivu wetu hakuna aliyebadilisha jina. Nilikuwa Adelina jukwaani kama nilivyokuwa Adelina nyumbani. "Adelina," alijibu.

"Basi," babu alisema, akaniagiza nimletee mgeni ndizi.

Jembe lilichomekwa kwenye paa la sebule, juu ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aliinamie. Sijui niwaelezeje aibu ya mwaka ule. Shuleni waliniita shemeji. Wilibrodi alibadilisha njia ili asikutane nami, mimi nami nikabadilisha, tukakutana kwenye njia ya tatu. Aibu ningeivumilia. Niliyoishindwa ni hofu. Nilikuwa nimeona wasichana waliopokelewa majembe. Hakuna aliyefika kwenye soksi nyeupe. Nilimwambia mama kwamba babu amechanganyikiwa na ataniozesha kwa sababu ya igizo. Mama alikuwa anachambua maharage. "Jembe halikuombi chakula," alisema. "Wewe soma."

Kijiji nacho hakikumwacha babu. Palipokuwa na mkusanyiko, mtu alimuuliza kama siku akimwona simba wa maigizo jukwaani atamrushia mkuki. Vijana walimwigiza anavyotembea na jembe kwapani. Yeye aliwatazama tu, akasema anajua alichopokea. Mzee yule aliyekuwa akisikilizwa kwenye mashauri ya mipaka sasa alikuwa anachekwa na watoto wa jana. Mimi pia nilimcheka, pale nilipokuwa simwogopi. Na jambo jingine nililigundua polepole: hakuniita tena mke wake. Mbele ya wageni aliniita mchumba wa watu. Wageni wakiondoka alisema tu, "wewe." Sikutegemea kwamba utani ule ungenikosesha raha kwa kutokuwepo kwake, lakini ulinikosesha.

Bwana Gervasi alikuja baada ya kama wiki mbili. Nilikuwa uani, dirisha li wazi, nikawasikia. Alikuwa na mzee mwingine, mjomba wake. Aliinama chini ya jembe, akaketi, akacheka kidogo. "Mzee, lile si lilikuwa igizo la watoto?"

"Wewe ulikuwa umekaa mbele," babu alisema. "Ulinisikia nikisema nini?"

"Tumepokea," Gervasi akajibu.

"Ndivyo. Na Laurenti alikunywa. Mwanangu, ningefanyaje? Mimi ni mtu wa zamani, haya mambo ya shule yamenipita."

Nilijisikia vibaya mno kwa ajili yake. Babu yangu, kujitangaza mjinga mbele ya wageni, kwa sauti ya unyonge ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. Gervasi aliaga vizuri, akaacha chumvi kama kawaida, na mlangoni nilimsikia akimwambia mjomba wake, kwa huruma tu, kwamba mzee amezeeka. Hakuja tena na mjomba. Mwaka uliofuata tulisikia ameoa Buhigwe, mwanamke mjane, na babu alimpelekea mbuzi.

Muhula ulipokwisha Shomari alituaga. Nadhani ofisi haikumpongeza. Alitukusanya, sweta zake mbili mwilini, akatuambia tuendelee kubeba ndoo zisizokuwepo. Kisha akanigeukia akitabasamu na kusema babu yangu ana kipaji kikubwa kuliko sisi wote, ila ana kasoro moja tu, hajui kutoka jukwaani.

Nilifanya mtihani. Majina yalipotoka, langu lilikuwemo, Kasulu, bweni. Jioni ileile mama alitia ndizi shimoni ziive kwa pombe. Siku ya siku mkeka ulitandikwa uani kwetu. Mzee Laurenti alikuja na mke wake, na Wilibrodi amekokotwa nyuma, na wale walioshuhudia shuleni waliitwa, wengine wakija kwa kicheko tu. Babu alilitoa jembe paani. Lilikuwa limepata masizi lakini hakuna aliyekuwa amelitia mpini. Aligonga, likalia. Akasema tumerudisha, akavuta mrija, akampa Laurenti. Basi, hapo ndipo igizo letu lilipopata mwisho wake, na hata ofisa wa serikali hakuhitajika.

Safari yangu ya kwanza ya Kasulu nilipanda lori la maharage, sanduku la bati miguuni. Babu alisimama chini ameegemea fimbo. Lori lilipowashwa aliinua uso. "Nenda, mke wangu," alisema. "Usije ukaniletea wivu huko." Nililia, na nilidhani nalia kwa sababu ya kuondoka.

Babu alifariki nikiwa kidato cha nne. Mambo hayo niliyaweka pamoja na vituko vya uzee wake na nikayasimulia miaka mingi kwa kuchekesha watu, nikiigiza mwendo wake na jembe kwapani, mpaka mwezi uliopita, pale dukani, nilipomwambia Wilibrodi kwamba ule mlio umenikumbusha posa yetu.

Alicheka. Halafu akaliweka jembe kaunta. "Wewe hukuwahi kuambiwa?" aliuliza. "Babu yako alikuja kwetu kesho yake alfajiri, kabla hata ya yule mwalimu kuja kwenu. Nilikuwa nawasha moto. Alimwambia baba, Laurenti, uniachie hilo jembe mpaka mtoto amalize mtihani. Yule wa Nyakitonto amenitamkia posa mara mbili, na sasa analeta mjomba wake. Mimi yule siwezi kumwambia hapana. Alimrudisha mwanangu nyumbani. Baba akamwambia, watu watakucheka, mzee. Akasema, wacheke, mimi nitakuwa sijui maigizo. Basi baba akasema ego, ndiyo, kaa nalo. Tukanunua jembe lingine la kulimia."

Wilibrodi aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei, maana kwake ni habari ya zamani. Mimi nilishika ukingo wa kaunta. Niliiona ile sauti ya unyonge ilivyotengenezwa. Niliwaona vijana wakimwigiza, na mimi miongoni mwao, na yeye akitutazama kwa uso uleule, bila kuufungua hata kwa mjukuu wake, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na minne asingeweza kulitunza neno lile shuleni. Na utani aliuacha kwa kuwa binti aliyeposwa hataniwi hivyo, na yeye kazi yake aliifanya kwa ukamilifu, hata tulipokuwa wawili peke yetu. Nilimpenda sana wakati ule, pale mbele ya misumari, kwa kuchelewa kwa miaka mingi.

"Nikutilie mpini?" Wilibrodi aliuliza.

"Tia," nilimwambia. "Nina shamba la kulima."

Akatoka nyuma kutafuta mpini unaofaa, nami nikamkumbuka Mwalimu Shomari na kasoro aliyoiona. Alikosea. Babu alijua kutoka jukwaani vizuri sana. Alikuwa anasubiri mimi nitoke kwanza.